Mjomba, bastola mbili zimenivuruga, niachane na Limited?

Shikamoo mjomba,

Samahani kwa barua ndefu, jambo hili nimekaa nalo karibu mwezi mzima na hapa Houston sina Mswahili mwenzangu wa kuongea naye, mana wengi nikitaja mashindano ya bastola wanashtuka, wanauliza una ugomvi na nani.

Mi ni mtu wa Tanga, nina miaka 38, huku huu ni mwaka wa 12, nafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala, nina mke na watoto wawili. Mechi za USPSA, chama cha mashindano ya kupiga bastola huku Marekani, nilianza miaka mitatu iliyopita, nikaingilia kwenye divisheni ya Carry Optics, nina CZ Shadow 2 yenye doti juu ya slaidi (kidoti cha kulengea ndani ya kioo), na kwa kweli mambo yalikuwa yanaenda. Mwaka jana nikaingia klasi B, asilimia 68 hivi, nikawa najiambia bado kidogo tu nagusa 75 niitwe A.

Sasa miezi minne iliyopita jamaa mmoja pale tunapopigia akawa anaacha mchezo, mgongo unamsumbua, akaniuzia bastola yake aina ya 2011 ya .40 kwa bei ambayo hata wewe ungechukua. Bastola tamu mjomba, sijawahi kushika kitu kama kile, triga fupi unagusa tu imeondoka, saiti za chuma, magazini tano, holsta yake na risasi karibu 2,000 juu. Nikasema basi, nitapiga divisheni mbili, Jumapili hii Carry Optics Jumapili ijayo Limited, ile ya saiti za chuma, kwani si shabaha ni ile ile ya boksi na mlio wa taima ni ule ule?

Tangu hapo naharibikiwa. Kwenye Carry Optics klasifaya zangu (majaribio ya kupimia klasi) mbili za mwisho ni asilimia 58 na 55. Nikichomoa CZ risasi ya kwanza inaenda chini kushoto (natumia mkono wa kulia), kitu ambacho nilishakimaliza mwaka wa kwanza kabisa, na mara nyingi bastola ikifika usoni doti siioni, naitafuta kwenye kioo kama mtu aliyepoteza funguo, nusu sekunde imekwenda. Alafu kuna siku nilipiga zoezi la El Presidente na bastola zote mbili, Limited sekunde 7.5, A tisa (eneo la katikati ya shabaha) na C tatu (eneo la nje yake), hiti fakta, yaani pointi gawa kwa sekunde, 7.6. Carry Optics sekunde 7.5, A tisa na C tatu, hiti fakta 7.2. Nikaona labda Mungu ananionyesha kwamba Limited ndo yangu.

Alafu likaja lile lililonifanya nikuandikie. Mechi iliyopita ilikuwa zamu ya 2011. Msimamizi kasema jiandae, nikaweka magazini, nikakoki, mkono ukaenda kushusha nyundo kama ninavyofanya na CZ, nikashtuka, nikakumbuka hii haishushwi, nikaiacha, nikachomeka kwenye holsta. Sefti sikuipandisha. Nyundo iko nyuma, risasi iko chemba, sefti iko chini. Msimamizi akanisimamisha, DQ, yaani nimeondolewa kwenye mechi, nikafungasha virago saa nne asubuhi. Hakunifokea, alinishika bega tu akasema pole, ila mjomba nilikaa kwenye gari dakika 40 siwezi kuwasha. Nilikuwa nawaza watoto.

Rafiki yangu ninayefanya naye mazoezi, kaka mmoja wa Lubumbashi, anasema uza hiyo 2011 leo, mtu mmoja divisheni moja. Mke wangu anasema uza zote mbili, mana bajeti ya risasi imekuwa kama kodi ya nyumba ya pili. Mi moyo wangu haujakubali hata moja. Mechi kubwa ya kanda yetu, Area 4, iko wiki kumi zijazo na nimeshajiandikisha Carry Optics. Muda nilionao ni dakika 20 hivi kila siku kabla sijaenda kazini, na reinji mara moja kwa wiki, risasi 150 mpaka 200 basi.

Naomba uniambie ukweli. Divisheni mbili zinawezekana kwa mtu wa kawaida kama mimi? Na kama nataka divisheni ya pili, je ningeenda divisheni ya Production badala ya Limited?

Mpwa wako, Houston

Marahaba mpwa wangu, na pole sana.

Nianze na DQ, mana najua ndo inayokukosesha usingizi. Ile DQ ni haki yako na ilifanya kazi yake, hakuna aliyeumia, bastola ilikuwa imeelekea kwenye kingo, lile tuta la kuzuia risasi, msimamizi aliona, mchezo ukasimama, ukaenda nyumbani mzima. Mi mwenyewe niliwahi kupata moja, na watu wengi ninaowaheshimu kwenye huu mchezo wanayo ya kwao. Kwa hiyo aibu iweke chini. Ila hofu usiiweke chini, hiyo ibaki nayo, mana ulichoandika kwenye ile aya ni kizito kuliko asilimia zote ulizonitajia. Mkono wako uliingia kwenye utaratibu wa bastola ambayo haikuwa mkononi. Ukashtuka katikati, ukakatiza, na mtu akikatiza utaratibu katikati anaruka hatua, hivo ndo binadamu tulivyo, hata anayefunga mlango wa nyumba akiitwa katikati anaondoka hajafunga. Bastola ya double action kama CZ yako inaanza nyundo ikiwa chini. Ile 2011 inaanza nyundo nyuma na sefti juu. Hizo ni taratibu mbili kinyume kabisa na wewe ulikuwa unazibadilisha kila Jumapili, bila hata siku moja ya kukaa nyumbani ukaurudia utaratibu wa ile mpya polepole mara mia. Nakuuliza, uliwahi kuufanya? Kwenye barua yako yote hujataja.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza na halina mjadala: hiyo 2011 haiendi tena reinji mpaka huo utaratibu uwe umeingia kwenye damu. Chumba ambacho hakina risasi hata moja, narudia hata moja, risasi zote ziko chumba kingine zimefungiwa, watoto wako nje au wamelala na mlango umefungwa, magazini zina dami (risasi za bandia) tu. Unajiambia jiandae kwa sauti. Unaweka magazini, unakoki, unapandisha sefti, unaiangalia kwa macho, unasema kwa mdomo "sefti juu", kidole kiko nje ya triga, ndo unachomeka. Ukikatizwa au ukishtuka popote pale, usiendelee kutoka hapo ulipofikia, anza upya mwanzo, toa magazini, toa ya chemba, anza. Hapo ndo ilipokuponyoka siku ile. Na kwenye mechi ukishtuka vile fanya hivo hivo, hakuna anayekuhesabia sekunde wakati wa kujiandaa.

Haya, sasa twende kwenye bastola zenyewe.

Swali lako kama divisheni mbili zinawezekana, jibu ni ndiyo, tena mi ni katika wale wanaoamini zinasaidia. Kaka yetu wa Lubumbashi ananipinga hapa na namheshimu, ila angalia jinsi USPSA wenyewe wanavyopanga klasi. Ukishakuwa B kwenye divisheni moja, hawakuweki chini ya C kwenye nyingine yoyote, ukiwa A hawakuweki chini ya B. Hawakufanya vile kwa kubahatisha, wanajua sehemu kubwa ya huu mchezo haikai kwenye bastola. Kuingia kwenye nafasi ukiwa tayari umeinua bastola, kutoka kwenye nafasi kabla mguu haujalala usingizi, kuhamisha macho kwenda shabaha inayofuata wakati risasi ya sasa inaondoka, kupanga steji (kila kituo cha kupigia kwenye mechi) ukaikumbuka ukiwa umefumba macho, kushika bastola kwa nguvu ile ile kuanzia risasi ya 1 mpaka ya 32, hivi vyote unahama navyo. Rob Leatham, mpigaji wa Marekani, ana mataji ya taifa ya USPSA zaidi ya 20 na hayakutoka divisheni moja.

Na mimi nikupe la kwangu. Mwaka 2014 nilipiga divisheni ya Single Stack msimu mzima, magazini ya risasi 8, baada ya miaka ya kupiga Limited. Wiki za kwanza niliteseka, steji ya risasi 32 nilikuwa nabadilisha magazini kila nikigeuka. Ila risasi 8 zinakulazimisha ujue kila hatua kabla hujasogea, huwezi kubahatisha, huwezi kuongeza risasi ya tatu kwenye shabaha eti kwa usalama. Niliporudi Limited mwaka uliofuata mipango yangu ya steji ilikuwa imenyooka mpaka wenzangu wakaniuliza nimefundishwa na nani.

Lakini nilipiga msimu mzima, mpwa. Sikupiga Jumapili moja moja. Hapo ndipo ulipokosea, na hapo tu.

Wewe umekuwa ukibadilisha kila wiki, na mkono haujui kujifunza kwa wiki. Ukiwa na reinji mara moja kwa wiki na risasi 150, ukizigawa kwa bastola mbili kila moja inapata siku mbili kwa mwezi. Siku mbili kwa mwezi zinatosha kusahau, hazitoshi kujifunza. Kwa hiyo kila ukirudi kwenye CZ unatumia nusu ya risasi kukumbuka, na ukianza kukumbuka siku imeisha, wiki ijayo unakumbuka 2011. Ndo mana unaona unarudi nyuma pande zote mbili.

Sasa nikuonyeshe vitu vitatu vilivyovuja kutoka 2011 kuingia kwenye CZ, mana barua yako imevisema vyote bila wewe kujua.

Risasi ya kwanza chini kushoto, hiyo ni triga. Risasi ya kwanza ya CZ ni ndefu na nzito, nyundo inapanda na kushuka kwa kidole chako peke yake, zinazofuata ndo fupi. Miezi minne umekuwa ukigusa triga ya 2011 ambayo haina safari. Kidole kimezoea kumaliza kazi haraka, kikikutana na safari ndefu ya CZ kinaivuta kwa pupa mwishoni, mkono mzima unakaza, pua ya bastola inashuka kushoto. Wala hujasahau kupiga. Double action ndo kitu cha kwanza kupotea mtu akihamia single action kama 2011, na ndo cha kwanza kurudi akikifanyia kazi, wiki mbili tatu tu.

Doti kupotea, hiyo ni pembe ya mkono. Kitako cha 2011 na cha CZ havifanani, kila kimoja kinataka kiwiko na kifundo chake. Na kwenye saiti za chuma hata ukifika umekosea kidogo bado unaiona alama ya mbele, unasahihisha huku unasogea, wala hujui kama umesahihisha. Doti haina huruma hiyo, pua ikija juu kidogo tu inatokea nje ya kioo kwa juu na wewe unabaki na kioo kitupu. Ukianza kuitafuta umeshaondoa macho kwenye shabaha, na hapo ndo ile nusu sekunde yako inapokwenda.

La tatu ndo wengi hawalioni, nalo ni zile El Presidente zako. Mpwa, hebu zisome tena. Sekunde 7.5 na 7.5. A tisa C tatu, na A tisa C tatu. Ulipiga sawa sawa kabisa! Tofauti ya 7.6 na 7.2 imetoka kwenye karatasi ya pointi, haikutoka kwako. Ile .40 yako inahesabiwa meja, pawa fakta (kipimo cha nguvu ya risasi) 165 kwenda juu, C inalipwa pointi 4. CZ yako ya milimita tisa ni maina, daraja la chini yake, C inalipwa 3. A tisa ni 45 kote, C tatu za meja ni 12 jumla 57, C tatu za maina ni 9 jumla 54. Gawa kwa 7.5. Kwa hiyo Mungu hakukuonyesha Limited hapo, alikuonyesha hesabu. Tena mi naona amekuonyesha kitu kingine kikubwa zaidi. Kwenye meja C inakugharimu pointi moja, kwa kasi yako hiyo ni kama sekunde 0.13. Kwenye maina inakugharimu pointi mbili, kama sekunde 0.28. Ukiwa na 2011 C tatu ni bei unayoweza kulipa. Ukiwa na CZ ni bora usubiri kidogo upate A. Wewe umechukua mwendo wa Limited, ule wa "imeingia kahawia inatosha", umeupeleka Carry Optics. Naamini kabisa hizo 58 na 55 zina C nyingi, kaangalie karatasi zako utaniambia.

Sasa wiki kumi.

2011 inalala kwenye sefu wiki zote kumi. Yaani usiiguse hata mazoezi ya bila risasi, hata ule utaratibu niliokuambia juu utauanza baada ya mechi. Najua inauma, kitu kipya kinaita. Ila umejiandikisha Carry Optics, umelipa, wiki hizi ni za CZ.

Wiki tatu za kwanza ni za triga na doti tu. Nyumbani kwenye zile dakika 20, dakika kumi za mwanzo usiwashe taima kabisa. Simama, nyundo chini, chomoa polepole, vuta double action mpaka nyundo ianguke na doti isiruke. Ikiruka ile haihesabiwi, rudia. Ukipata 30 safi ndo washa taima, anza na sekunde 1.5, ukiweza mara tano mfululizo shusha kwa moja ya kumi. Alafu fumba macho, chomoa, elekeza pale unapoamini shabaha ipo, fumbua. Doti iko wapi? Kama haipo usiitafute kwa kuzungusha kifundo, rudisha bastola, sogeza mshiko au kiwiko, fumba tena. Siku nne tano utashangaa inakuja yenyewe katikati. Siku nyingine bandika kipande cha teipu mbele ya kioo cha doti, upande unaotazama shabaha, macho yote mawili yawe wazi, jicho moja linaona doti jingine linaona shabaha, ubongo unaziunganisha. Ukiangalia doti badala ya shabaha utaona giza tu, teipu haidanganyi.

Reinjini wiki hizo tatu, risasi 60 za kwanza zote ziwe za double action. Bastola imeelekea kwenye kingo, shusha nyundo kwa uangalifu wote, piga moja, shusha tena, piga moja, yadi 10, shabaha ni eneo la A tu. Inachosha, najua, kijana yeyote atakayekuona atadhani umechanganyikiwa. Zinazobaki piga Bill Drill kadhaa, risasi 6 yadi 7, ili mshiko usisahau kazi, na umalizie na shabaha za mbali, yadi 20 na 25, kwa utulivu.

Kuanzia wiki ya nne mpaka ya nane ingia kwenye mechi za kawaida kila unapopata nafasi, zote Carry Optics, na kila mechi uwe na kitu kimoja tu unachokitazama. Mechi moja ni C, ukirudi nyumbani hesabu C zako na ulinganishe na iliyopita. Mechi nyingine ni miguu. Usibebe vyote kwa mpigo. Mazoezi ya nyumbani yawe nusu kuchomoa na kubadili magazini, nusu kusogea, hata sebule ndogo unaweza kupiga hatua tatu ukaingia pembeni ya mlango ukiwa tayari. Wiki mbili za mwisho usibadilishe kitu chochote, sio risasi, sio mkanda, sio jinsi doti ilivyosetiwa. Punguza risasi, lala. Kwa mtu wa zamu ya usiku usingizi ndo mazoezi ya mwisho, nakusihi omba zile siku mbili kabla ya mechi mapema.

Mechi ikiisha, toa 2011. Sio kwa Jumapili moja, ipe miezi miwili kamili, wiki ya kwanza yote ni ule utaratibu wa sefti nyumbani bila risasi, siku saba, ndo uende reinji. Na katika miezi hiyo miwili CZ utaitoa siku moja kwa wiki, dakika kumi, kwa ajili ya triga ya double action tu, mana hiyo ndo inayokimbia. Mengine yatakungoja. Na usitoe bastola mbili siku moja, hata nyumbani. Mkanda wa CZ na mkanda wa 2011 viwe viwili tofauti, vinatundikwa sehemu mbili, ukivaa mmoja mwili ujue leo ni ipi.

Kuhusu Production. Kama ungeniuliza kabla hujanunua 2011 ningekuambia ndiyo, Production ndo ndugu wa karibu wa Carry Optics kwa mtu mwenye Shadow 2. Shadow 2 yenye saiti za chuma ni triga ile ile, nyundo inaanza chini vile vile, risasi za tisa zile zile za maina, mshiko ule ule. Mambo mawili tu yanabadilika, saiti na idadi ya risasi, mana Production sasa ni 15 kwenye magazini, zamani ilikuwa 10. Na hilo la risasi lina uzito wake, kwenye steji ya risasi 32 wewe na magazini yako ya 23 na moja chemba unabadili mara moja popote panapokufaa. Kwa 15 na moja chemba, ukibadili mara moja una risasi 31 tu. Kwa hiyo ni mara mbili angalau, na mahali pa kubadilia panachagua mpango mzima. Shule nzuri sana. Ila usiende kununua bastola ya tatu sasa hivi! Umeuliza, nimejibu, kaa nalo mwaka mzima.

Na kama ukishapiga Limited miezi miwili ukaona ulichokipenda ni ile 2011 yenyewe kuliko saiti za chuma, kumbuka Limited Optics iliyoanza 2023 inakubali single action yenye doti kwenye slaidi. Ukienda huko utakuwa na doti pande zote mbili, tatizo la doti litapungua.

Sasa mke wako. Mpwa, yeye hajakosea, tena amekuwa mvumilivu. Hukumwambia unaanzisha divisheni ya pili, ulimwambia umepata bastola kwa bei nzuri, sivyo? Kumbe nyuma ya bastola kuna aina ya pili ya risasi, magazini ambazo moja inaweza kupita dola 100, ada za mechi mara mbili. Kaa naye siku ambayo hukutoka zamu, sio asubuhi umechoka. Chukua karatasi, andika kila kitu cha mwezi bila kuficha, risasi, ada, mafuta ya gari. Alafu mwambie wiki kumi hizi ni bastola moja, aina moja ya risasi, na mwisho wa miezi miwili ya Limited mtakaa tena, na kama hesabu haikubali 2011 inauzwa. Na mwambie kuhusu DQ pia. Najua hujamwambia. Yeye ndiye anayelala nyumba moja na hizo bastola na watoto wake, ana haki ya kujua kilichotokea na ulichobadilisha.

Yule kaka wa Lubumbashi usigombane naye. Mwombe kitu kimoja, kwenye mazoezi asimame nyuma yako kila unapojiandaa, asiseme kitu, aangalie mikono yako tu, na ukiruka hatua akusimamishe. Mtu wa kukuangalia vile ni wa thamani, sina hakika kama ningekuwa bado napiga bila wa kwangu.

Hizo risasi 2,000 za .40 zifungie mbali na zile za tisa, makasha tofauti, kabati tofauti. Ukitoka Area 4 niandikie, nitajie steji mbili zilizokwenda vizuri na moja iliyoharibika, na idadi ya C.

Mjomba wako